Mtoto wangu ameombwa ashiriki utafiti wa dawa: kwa nini wasijaribu kwa watu wazima kisha wapunguze kipimo?

Mama Nuru, Muheza

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba mnisaidie kufikiri katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa siku nne sasa. Mwanangu wa mwaka mmoja na miezi miwili ameshaugua malaria mara tatu tangu azaliwe, na wiki iliyopita, tulipokwenda kliniki kupima uzito, mama mmoja mtafiti alinieleza kwamba kuna utafiti wa dawa ya malaria kwa watoto wa umri wake watakaougua, kisha akanipa karatasi za ridhaa zenye kurasa kumi na moja nikazisome nyumbani. Zimeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, wala hakuna aliyenishurutisha, kwa hiyo sina lawama kwa mtu yeyote.

Baba yake yuko Mtwara kikazi na amesema kwa simu kwamba niamue mimi niliye karibu na mtoto. Bibi yake amekataa katakata. Anasema damu ya mtoto haichukuliwi ovyo, na kwamba enzi za utoto wake mgeni aliyefika kijijini na sindano na chupa aliitwa mumiani, na watu hawakungoja kumuuliza jina. Sikumcheka, kwa sababu hata mimi nina hofu, ila yangu ni ya namna nyingine. Ikiwa dawa imekwisha kujaribiwa kwa watu wazima, kwa nini wasipunguze kipimo kwa uzito, mtoto akapewa robo, na shughuli ikaishia hapo? Kuna haja gani ya kumwingiza katika utafiti mtu asiyeweza hata kutamka neno "sitaki"?

Jambo jingine ni kwamba karatasi inasema watoto watapangwa katika makundi mawili kwa bahati nasibu, yaani kompyuta ndiyo itakayochagua mwanangu apewe dawa ipi, ilhali mimi nimezoea kwamba daktari humtazama mgonjwa ndipo anapochagua. Tena wauguzi wanaompima mwanangu kila mwezi wanafanya kazi jengo moja na watafiti hao. Nikikataa, nitatazamwaje?

Tabibu Mstaafu, Tanga

Mama Nuru, mwanangu, pole kwa mzigo huo. Nimefanya kazi katika wodi za watoto za mkoa wetu kwa miaka mingi, na swali lako la bahati nasibu ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu nilichelewa sana kulielewa mimi mwenyewe.

Wenye umri wangu wanaikumbuka dripu ya kwinini. Mtoto mwenye malaria kali aliwekewa dripu ya saa nyingi, sukari ikimshuka tusipokuwa macho, na mama amekaa kando akihesabu matone. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Asia, ambao wagonjwa wake wengi walikuwa watu wazima, yakionyesha kwamba sindano ya artesunate inaokoa maisha kuliko kwinini. Pengine utadhani kesho yake watoto wa Afrika walibadilishiwa dawa. Haikuwa hivyo, kwa sababu malaria kali ya mtoto wa hapa haifanani na ya mtu mzima wa kule: mtoto wetu hupata degedege, hupoteza fahamu haraka na hupungukiwa damu sana, wakati mtu mzima mara nyingi figo ndizo zinazofeli na mwili hugeuka manjano. Hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kwamba kilichomfaa mmoja kingemfaa mwingine. Ulihitajika utafiti wa watoto wenyewe, nao ulifanyika katika nchi tisa za Afrika, watoto 5,425, wakiwemo wa Muheza, wilaya yako mwenyewe, na wa Korogwe na Kilifi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2010, waliofariki miongoni mwa waliopewa kwinini walikuwa asilimia 10.9, na miongoni mwa waliopewa artesunate asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilielekeza artesunate itumike kwa watoto. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita kati ya habari njema ya watu wazima na habari njema ya watoto.

Lakini utafiti ulionifundisha unyenyekevu ni mwingine, nao ulianza mwaka 2009 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo tena. Mtoto anapoletwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo ya haraka na dhaifu, vitabu vilituelekeza tumpe maji mengi ya mshipani kwa haraka ili mzunguko wa damu urudi. Niliamini hivyo na niliwafundisha hivyo wadogo zangu kazini. Kisa chenyewe ni kwamba maji yale yalionekana kufanya kazi: ndani ya saa ya kwanza watoto wengi zaidi walipata joto mikononi na mapigo yakaimarika. Tabibu gani aliyesimama pembeni ya kitanda angeyatilia shaka? Watafiti waliwapanga watoto 3,141 kwa bahati nasibu, wengine wakapewa maji hayo ya haraka, wengine wakapewa maji ya kawaida ya polepole pamoja na dawa zote nyingine, na kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu ikausimamisha utafiti mwezi Januari 2011 kabla idadi iliyopangwa haijatimia. Katika saa 48 za mwanzo, waliofariki kati ya waliopewa maji ya haraka walikuwa kama asilimia 10.5, na kati ya wasiopewa walikuwa asilimia 7.3. Tiba tuliyoiona ikimchangamsha mtoto ndiyo iliyokuwa ikiongeza vifo, na tofauti ya watoto watatu katika kila mia hakuna jicho la daktari linaloweza kuiona wodini, hata awe na uzoefu wa miaka arobaini.

Hapo ndipo bahati nasibu inapoingia. Daktari akichagua mwenyewe, bila kukusudia atampa dawa mpya yule aliye hoi zaidi, au yule ambaye mama yake anamsihi zaidi, na mwishoni hutajua kama tofauti ilitokana na dawa au na aina ya watoto. Kompyuta haimwonei huruma mtu, na katika jambo hili pekee huko kukosa huruma ndiko haki.

Nitoe tahadhari kwa wazazi wengine wanaosoma: utafiti ule haukuwahusisha watoto waliopungukiwa maji kwa kuhara. Asije mtu akamkatalia mtoto anayehara dripu au maji ya chumvichumvi kwa sababu yangu.

Mfamasia, Dar es Salaam

Naomba kujibu lile la robo, kwa kuwa ndilo ninaloulizwa dirishani karibu kila siku na wazazi wanaoshika kidonge kwa mkono mmoja na kisu kwa mwingine.

Mtoto hatofautiani na mtu mzima kwa uzito peke yake. Ini la mtoto mchanga bado halijakomaa kuvunjavunja baadhi ya dawa, na tulilijua hilo kwa gharama kubwa: miaka ya 1950 watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, walipewa kloramfeniko, dawa ya kuua bakteria, kwa vipimo vilivyokisiwa kutoka kwa wakubwa, dawa ikajikusanya mwilini, ngozi zao zikageuka rangi ya kijivujivu na wengine wakafariki. Mwaka 1959 ndipo chanzo kilipoandikwa waziwazi. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba dawa ya lazima ni kupunguza na kuzidi kupunguza. Sivyo hata kidogo, kwani mtoto akishavuka utoto uchanga, mwili wake unaweza kuimaliza dawa kwa kasi kuliko wa baba yake. Artesunate aliyoitaja mzee wetu ni mfano mzuri: mtu mzima hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, lakini baada ya kupima dawa katika damu ya watoto, mwaka 2015 maelekezo yalibadilika, na mtoto aliye chini ya kilo 20 akaongezewa hadi miligramu 3 kwa kila kilo. Mtoto wako, Mama Nuru, angegawiwa kwa hesabu ya mkubwa, angepewa dawa pungufu, na malaria isiyouawa yote hurudi.

Halafu kuna suala la namna ya kuimeza. Dawa mseto ya vidonge vichungu ilisagwa na akina mama kwa miaka, ikachanganywa na chai au uji, nusu ikatemwa kwenye kanga, na hakuna aliyejua mtoto amemeza kiasi gani. Kidonge kitamu kinachoyeyuka katika maji kilipotengenezwa, kililinganishwa na kile kilichosagwa kwa watoto 899 katika nchi tano, Tanzania ikiwakilishwa na Zanzibar, na matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba kinaponya vilevile. Leo mzazi anakipokea dirishani kama kitu kilichokuwepo siku zote.

Nimalizie kwa jambo ambalo wenzangu wa fani hii hatulisemi vya kutosha. Ninapomkatia mzazi kidonge ambacho hakijawahi kupimwa kwa watoto, nami namjaribia mtoto dawa, isipokuwa hakuna kamati ya maadili iliyopitisha jaribio langu, hakuna bima, na hakuna anayeandika matokeo.

Mwana wa Likoni, Mombasa

Nawaheshimu waliotangulia, na wala sipingi takwimu zao, lakini naona tumekuwa wepesi mno wa kuipita hofu ya bibi yake Nuru. Hofu ya mumiani haikuzuka hewani. Watu wa pwani waliyaona mengi yakichukuliwa, na aliyechukua hakurudi kueleza.

Tena si kisa cha kale. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mjini Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwapa watoto 100 dawa mpya iitwayo Trovan na wengine 100 dawa iliyokwisha kuzoeleka. Watoto 11 walifariki, wakitoka katika makundi yote mawili. Kampuni ilikana kosa na kusema kwamba ni ugonjwa wenyewe uliowaua, lakini familia zililalamika kwamba hazikuelezwa kuwa huo ni utafiti na kwamba kundi la pili lilipewa dozi ndogo, na kesi ziliendelea hadi makubaliano ya dola milioni 75 na Jimbo la Kano mwaka 2009. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2003, Kano iligomea chanjo ya polio, na kumbukumbu ya Trovan ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Kwa maneno mengine, utafiti unaotiliwa shaka hauishii kwa watoto walioshiriki.

Lipo na swali la baadaye. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalianza 2009 katika vituo 11 vya nchi saba, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vikiwemo, kwa watoto zaidi ya 15,000. Yalikamilika mwaka 2014. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo itumike kwa upana Oktoba 2021. Najua sababu: zilionekana dalili zilizozua maswali, ikiwemo idadi ya waliopata homa ya uti wa mgongo, ikabidi utoaji wa majaribio uanze mwaka 2019 Ghana, Malawi na huku kwetu Kenya, na hofu hizo hazikuthibitika. Ni uangalifu, nakubali. Lakini mtoto aliyetoa mkono wake achomwe mwaka 2009 alikuwa anamaliza shule ya msingi wakati mdogo wake wa kijiji cha jirani bado anaingojea chanjo hiyo.

Dada yangu, sikushauri ukatae. Nakushauri uwaulize haya kabla hujatia sahihi: mtoto akizidiwa saa nane za usiku nitampigia nani, na je, atapokea? Akidhurika, bima inamlipia matibabu hadi lini? Dawa ikifaulu, wilaya yetu itaipata lini na kwa bei gani? Na kundi la pili wanapewa nini?

Tabibu Mstaafu, Tanga

Mwana wa Likoni amesema kweli, na hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kundi la kulinganisha halipaswi kuachwa bila tiba pale ambapo tiba ipo. Katika majaribio ya RTS,S, watoto wakubwa kidogo wa kundi la pili walichanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao wapate kitu chenye faida, na wote waligawiwa vyandarua. Kwa mtoto ambaye tayari ni mgonjwa wa malaria, kundi la pili linatakiwa lipewe dawa bora iliyopo nchini. Mama Nuru, itafute sentensi hiyo katika kurasa zako kumi na moja. Isipokuwepo, usitie sahihi.

Kuhusu wauguzi kukukunjia uso: utafiti wa dawa hapa kwetu hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na fomu ya ridhaa inatakiwa iseme kwamba kukataa, au kujitoa katikati, hakumpunguzii mtoto huduma yoyote. Simu ya kamati huwa imeandikwa ukurasa wa mwisho. Watu wengi hawafiki ukurasa huo.

Muuguzi wa CTC (kliniki ya VVU), Mwanza

Mazungumzo yamewahusu watoto wadogo, nami naomba niwaingize vijana, kwa kuwa ndio ninaowahudumia na ndio wanaosahaulika: kwa watafiti wa watoto ni wakubwa, kwa watafiti wa wakubwa ni watoto.

Wahudumu wa zamani wa kliniki za VVU wanaikumbuka dawa ya maji ya lopinavir iliyochanganywa na ritonavir. Ilikuwa chungu kupita kiasi, ndani yake mna pombe nyingi, na ilihitaji kutunzwa katika ubaridi, jambo ambalo kwa mama asiye na umeme maana yake ni chungu cha maji au jokofu la jirani ambaye hutaki ajue. Wakati huohuo watu wazima walikuwa wameanza kupata dolutegravir, dawa mpya zaidi ya VVU, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa wakubwa na vijana wa miaka 12 na zaidi wenye kilo 40. Kidonge cha kuyeyuka cha watoto wadogo kilipata idhini huko mwaka 2020. Miaka saba, kwa mtoto aliyezaliwa na virusi, ni umri wote wa kujifunza kutembea, kusema na kusoma.

Utafiti mmoja uliosaidia kuziba pengo hilo uliwahusisha watoto na vijana 707, wengi wao wakiwa Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini. Katika wiki 96, tiba ilishindwa kwa asilimia 14 ya waliopewa dolutegravir, dhidi ya asilimia 22 ya waliobaki na dawa za kawaida. Kilichonifurahisha zaidi ni jambo dogo lililogunduliwa ndani yake: mtoto akifikisha kilo 20 anaweza kumeza kidonge kilekile cha mkubwa cha miligramu 50. Mfamasia ametuonya dhidi ya kukisia, na hapa ungeweza kukisia kwamba nusu ndiyo salama, ukawa umekosea.

Kwa kijana, ridhaa ya mzazi haitoshi. Mwenyewe lazima aelezwe kwa lugha yake na akubali, na akikataa, mzazi hawezi kumlazimisha. Hapo pana mtihani ambao fomu haziumalizi. Binti wa miaka kumi na sita anayejiunga na utafiti wa dawa hupimwa ujauzito. Majibu ni ya nani, yake au ya mama yake aliyetia sahihi? Nimeona wasichana wakijitoa kimyakimya siku hiyo ya kipimo, na takwimu zikabaki zinasema tu "hakuendelea". Watafiti wanaopanga mambo yao vizuri huwaita vijana wenyewe kabla ya utafiti kuanza na kuwauliza yapi yaandikwe, yapi yasemwe faraghani. Wasiofanya hivyo hubaki na utafiti wa vijana waliokuwa hawana la kuficha.

Mama Nuru, Muheza

Nawashukuru nyote, na hasa wewe Mwana wa Likoni, kwani maswali yako nilimsomea bibi na ndiyo yaliyomfanya akubali kwenda nami jana.

Tulikaa saa nzima. Kundi la pili litapewa dawa mseto inayotumika sasa, na sentensi hiyo tumeikuta ukurasa wa nne. Bima ipo, na muda wake umeandikwa. Kuhusu lini dawa itatufikia, mtafiti alisema kweli kwamba hawezi kuahidi, na nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kama angeniahidi. Bibi aliuliza damu ni kiasi gani. Alipoambiwa kwamba ni tone la kidoleni kwa siku nyingi na kijiko kimoja cha chai kwa siku mbili tu, alitaka aletewe kijiko chenyewe akione, na kikaletwa. Jana usiku saa tatu aliipiga ile namba ya dharura bila kuniambia, ili aone kama itapokewa. Ilipokewa, na alimwomba radhi daktari kwa kumsumbua.

Sijatia sahihi bado, kwa sababu limebaki jambo moja. Mtoto akiugua, atatakiwa kurudi siku ya 1, 2, 3, 7, 14, 21 na 28, na kipindi cha mavuno huwa tunahamia shambani Handeni kwa wiki tatu. Je, siku hizo zinaweza kusogezwa, au nitaharibu hesabu zao?

Tabibu Mstaafu, Tanga

Zile tatu za mwanzo hazisogezwi, maana ndipo wanapoangalia kama vimelea vinapungua katika damu. Za baadaye huwa na nafasi ya siku moja au mbili, na baadhi ya vituo humfuata mtoto shambani kwa pikipiki. Waambie kuhusu Handeni sasa hivi, kabla ya sahihi, na uwaeleze njia ya kufika shambani kwenu.